Mkutubi na Hadithi za Ajabu

Mkutubi hana cheo kikubwa mbele ya macho ya watu. Hatungi sheria, hahukumu barazani, hafundishi darasani, wala jina lake haliandikwi juu ya jalada la kitabu cho chote. Walakini kila siku hufanya tendo moja ambalo waziri na mwalimu wangeweza kulionea wivu: msomaji asiyejua atakalo humwendea na kumwuliza asome nini, naye hunyosha mkono rafuni. Mkono ule ukielekea upande mmoja, akili ya msomaji huelekea upande huo, na yamkini itakaa huko maisha. Kwa hiyo pendekezo la mkutubi si jambo dogo. Ni hukumu itolewayo kwa sauti ya chini, bila wazee wa baraza na bila rufani, juu ya vitabu vipi viishi na vipi vife.

Aina moja ya vitabu haijapata haki katika hukumu hiyo, nayo ni hadithi za ajabu pamoja na hadithi za sayansi. Hadithi za ajabu ni zile za majini, wanyama wasemao, miji iliyogeuka mawe na nchi zisizopatikana katika ramani. Hadithi za sayansi ni zile zinazoshika elimu ijulikanayo leo na kuiuliza itamfikisha wapi mwanadamu kesho: angani, chini ya bahari, au shimoni. Aina hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Zote huanza na neno "kama", na zote humtoa msomaji katika dunia aliyoizoea ili arudi aitazame kwa macho mapya.

Katika Afrika Mashariki, kijana aombaye hadithi ya namna hiyo maktabani aghalabu hupata jibu moja kati ya mawili. La kwanza ni kwamba aachane na upuuzi, asome kitabu cha maana. La pili ni kwamba hadithi hizo zipo, lakini ziko katika rafu ya Kiingereza. Basi hupewa Jules Verne aliyefasiriwa, au H. G. Wells, au Tolkien, na mkutubi hurudi mezani pake akijiona ametenda wema. Jibu la kwanza ni tusi kwa hadithi. Jibu la pili ni tusi kwa lugha. Yote mawili ni makosa, lakini la pili lina madhara zaidi, kwa sababu huja limevaa nguo za ukarimu na hakuna anayelishitaki.

Yafaa kupima madhara hayo kwa kitabu kimoja. Mwaka 1863 Jules Verne, Mfaransa, alitoa riwaya ya safari ya majuma matano ndani ya puto. Puto hilo laondokea Unguja. Ndani yake wamo wasafiri watatu kutoka Uingereza, yaani Daktari Fergusson, rafiki yake Kennedy, na mtumishi wao Joe, nao walikata bara la Afrika toka pwani ya mashariki mpaka mto Senegal bila kukanyaga ardhi ila kwa dharura. Watu wa Unguja katika kitabu hicho hughadhibika wasikiapo kuwa wageni wataruka, kwa kudhani kwamba nia yao ni kulidhuru jua na mwezi. Wasafiri wafikapo Kaze, mji wa Unyamwezi palipo na Tabora ya leo, watu wa huko hulidhani puto kuwa ndilo mwezi wenyewe, na watu waliomo kuwa ni wana wa mwezi. Kisha mwezi wa kweli huchomoza, uwongo ukatahayari, na wageni wakakimbilia angani.

Hapana haja ya kuficha kwamba kitabu hicho chafurahisha. Verne alijua kusimulia, na elimu ya hewa na ya ramani aliyoitumia ilikuwa elimu bora ya zama zake. Lakini msomaji wa Pwani na wa Tabora hakuwekewa kiti ndani ya puto lile. Mahali alipopangiwa ni chini, miongoni mwa watu waliokodoa macho na kuacha vinywa wazi. Na kwa kuwa hakuna mtoto apendaye kubaki chini hali wengine wanaruka, msomaji huyo hupanda moyoni mwake pamoja na wageni, akawatazama babu zake kutoka juu na kuwacheka. Somo hilo halikuandikwa katika ukurasa wo wote. Mkutubi hakukusudia kulifundisha. Hata hivyo hufundishwa, na mwanafunzi hulishika kuliko somo la darasani, kwa sababu amejifunza akiwa katika furaha.

Miaka 88 baada ya puto la Verne, mwaka 1951, Shaaban Robert alichapisha Kusadikika. Hakurusha puto, alirusha nchi nzima. Kusadikika ni nchi iliyo angani, ina mfalme wake, mawaziri wake, baraza lake na magereza yake. Katika nchi hiyo kijana Karama ashitakiwa kwa kosa la kueneza elimu ya sheria, na mshitaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Karama, badala ya kulia, asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, ili wajifunze mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alirudi na hazina ya maarifa, na kila mmoja alilipwa kifungo. Kitabu hicho kilitoka chini ya utawala wa Waingereza, wakati ambapo neno la wazi juu ya dhuluma ya serikali lingalimponza mwandishi. Neno lile lile lililotundikwa mawinguni lilipita salama mbele ya macho ya wakubwa, likashuka mikononi mwa raia.

Basi kijana aliyeomba hadithi ya angani angaliweza kupewa vitabu hivi viwili pamoja. Katika kimoja angalimwona mtu wa kwao yuko chini akitazama. Katika cha pili angalimwona yuko juu akihojiana na mfalme. Angalipima mwenyewe. Mkutubi ampaye kitabu cha kwanza na kumnyima cha pili hakumpa nusu ya ukweli tu. Amempa nusu inayomdhalilisha, akamficha ile inayomtukuza.

Kwa nini Kusadikika haitolewi? Sababu si kwamba mkutubi haijui. Aijua sana. Lakini aijua kama kitabu cha mtihani. Vitabu vya ajabu vya Kiswahili vimefungwa katika magereza mawili, na hilo ndilo la kwanza: gereza la mtihani. Humo kitabu hakisomwi bali hukaguliwa. Msomaji huulizwa dhamira ngapi zimo, wahusika wana sifa gani, methali ngapi zimetumika. Akishafaulu hukitupa kama mgonjwa aliyepona atupavyo chupa ya dawa. Haulizwi kamwe kama alistaajabu. Mkutubi aliyepitia gereza hilo alipokuwa mwanafunzi hawezi kuamini kuwa mtu mwenye akili timamu aweza kuazima Kusadikika kwa raha yake, Jumamosi jioni, chini ya mwembe.

Gereza la pili ni la mila. Melvil Dewey, mkutubi wa Marekani, alitoa mwaka 1876 mpango wake wa kupanga vitabu kwa nambari, na mpango huo umeenea duniani. Katika nambari zake za leo riwaya za Kiingereza hukaa 823, fasihi ya Kiswahili hukaa 896.392, na ngano za mapokeo hukaa 398.2, ndani ya fungu la elimu ya jamii, jirani na mila na desturi. Mkusanyo wa Edward Steere wa hadithi za Unguja, uliochapishwa London mwaka 1870, una nunda mla watu, aliyeanza kuwa paka akaishia kuwa balaa la nchi, na una paa aliyemtajirisha maskini kisha akalipwa dharau. Hadithi hizo hazipungukiwi na hofu, werevu wala uchungu. Lakini aliye 398.2 huonekana kama mtu wa makumbusho: watafiti humpima, wasomaji hawamtembelei.

Ni haki kusema kwamba mpango wa Dewey si mkosaji peke yake. Hata ngano za Kijerumani za ndugu Grimm hukaa katika nambari hiyo hiyo, nazo zasomwa na watoto wa dunia nzima. Zasomwa kwa sababu wakutubi wa huko hawakungoja msomaji azifuate. Walizitoa, wakaziweka mezani, wakazisimulia. Nambari ni anwani ya nyumba ya kitabu. Pendekezo ni utambulisho. Hapana mtu aliyepata rafiki kwa kupewa anwani tu.

Wapo watetezi wa hali hii, nao wana hoja ambazo yafaa kujibiwa moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba hadithi hizi ni uwongo, na nchi yenye kazi nyingi haina nafasi ya uwongo. Yasemwa kuwa kijana asome kilimo, afya na hesabu. Mambo ya kuruka angani yawaachiwe walioshiba. Hoja hii ina sauti ya hekima, lakini historia haiungi mkono. Konstantin Tsiolkovsky, Mrusi aliyetoa mwaka 1903 hesabu za kuonyesha kwamba roketi yaweza kumfikisha mtu nje ya anga la dunia, alikiri kuwa mbegu ya fikira hizo ilipandwa na Verne. Tsiolkovsky hakuwa mwana wa tajiri. Ugonjwa wa utotoni ulimwacha karibu kiziwi, shule ikamshinda, akajielimisha katika maktaba ya Chertkov mjini Moscow katika miaka ya 1870. Mkutubi wa mahali hapo alikuwa Nikolai Fyodorov, mtu maskini kwa hiari yake na mwenye fikira zisizo na mipaka, naye ndiye aliyempa kijana huyo vitabu. Huko Marekani Robert Goddard, aliyerusha roketi ya kwanza ya mafuta ya maji mwaka 1926, aliwashwa moyo akiwa kijana na riwaya ya Wells ya vita vya watu wa Mirihi. Hadithi hazikuwafundisha watu hawa hesabu. Ziliwafanya waitamani hesabu. Shamba hulimwa kwa jembe, lakini hakuna ashikaye jembe asiyeona kwanza mavuno kwa macho ya moyo.

Hoja ya pili hutoka kwa watu wa dini, nao wastahili heshima. Husema kuwa habari za majini na wachawi huharibu imani. Wasemao hivyo wamesahau jinsi wazee walivyokuwa na hadhari. Hadithi ya Kiswahili haikuanza bila msimulizi kuomba ruhusa na wasikilizaji kuitoa. Na katika maneno ya kuitika wasikilizaji wenyewe huualika uwongo uje na utamu ukolee. Huo ni mkataba. Pande zote mbili zajua kuwa kinachokuja si habari ya sokoni wala si nguzo ya dini. Wazee walioswali alasiri msikitini ndio walioketi usiku na kusimulia nunda, nao hawakupotea. Mtu huharibiwa na uwongo unaojiita kweli. Uwongo uliopiga hodi na kutaja jina lake ni mgeni tu wa jioni.

Hoja ya tatu ni kwamba kazi hiyo ni ya watoto, na mtu mzima aombaye hadithi ya ajabu aonewe huruma. Jibu lake ni fupi. Adili na Nduguze, kilichotolewa na Shaaban Robert mwaka 1952, kina gavana mwema apigaye nyani wawili kila usiku, naye hulia awapigapo, kwa kuwa nyani hao ni ndugu zake waliomhusudu. Kisa hicho kina asili katika Alfu Lela u Lela, lakini uchungu wake ni wa kila nyumba yenye urithi. Yule anayedhani kuwa husuda ya ndugu ni jambo la kitoto hajakaa matanga akasikia wosia ukisomwa.

Hoja ya nne ndiyo nzito, nayo yasema kuwa Kiswahili hakina hadithi za sayansi, na mkutubi hawezi kupendekeza kisichoandikwa. Katika hoja hii mna ukweli, na ukweli usikanwe. Hadithi za Kiswahili zenye mitambo, nyota na maabara ni chache, na lugha yenyewe imechukua muda kupata maneno ya kuziandikia. Lakini uchache si utupu. Katama Mkangi wa Kenya alitoa Walenisi mwaka 1995. Humo Dzombo, mtu aliyehukumiwa kwa kusema kweli, atiwa katika chombo cha angani kilichokusudiwa kuwa kaburi lake, naye badala ya kufa afika katika nchi ambayo watu wake huishi kwa usawa, na jina la nchi hiyo ukilikata vipande lasema "wale ni sisi". Kyallo Wadi Wamitila katika Bina-Adamu! ya mwaka 2002 amzungusha shujaa wake katika Kijiji cha Utandawazi akimsaka mtu asiyeshikika. Katika Babu Alipofufuka, cha mwaka 2001, Said Ahmed Mohamed amrudisha marehemu ili amtoe usingizini mjukuu aliyenona kwa mali ya umma. William Mkufya katika Ziraili na Zirani, cha mwaka 1999, hakuogopa kupeleka ugomvi wa wanadamu mpaka ahera. Euphrase Kezilahabi, katika Nagona na Mzingile vya mwanzoni mwa miaka ya 1990, alivunja saa na ramani zote akamwacha msomaji atafute njia peke yake. Aliyesema kuwa rafu ni tupu hakuitazama rafu.

Zaidi ya hayo, yapasa kuulizwa nani aliyesababisha uchache huo. Kitabu kisichopendekezwa hakiazimwi. Kisichoazimwa hakinunuliwi tena. Kisichonunuliwa hakichapwi, na mwandishi wake, akiona hivyo, hugeuka kuandika kile ambacho mtihani utakihitaji. Kisha mkutubi husimama mbele ya pengo alilosaidia kulichimba, akasema kwa masikitiko kwamba hapana kitu. Mkulima aliyekataa kupanda hana haki ya kuisingizia ardhi.

Tabia hii haikuanza jana. Miongoni mwa riwaya za kwanza walizopewa wasomaji wa Kiswahili wakati wa ukoloni ilikuwemo Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya kitabu cha Rider Haggard, iliyotoka mwaka 1929. Humo Waingereza huvuka jangwa la Afrika, hupata almasi, huweka mfalme, kisha hurudi kwao. Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya kitabu cha Lewis Carroll, ilifuata mwaka 1940. Tafsiri hizo zilikuwa kazi njema kwa lugha, na waandishi wengi walijifunza kwazo ufundi wa riwaya. Lakini ziliacha mazoea: kwamba ajabu huletwa kwa meli, na kazi ya mwenyeji ni kuifasiri. Meli zile zimekwisha ondoka. Mazoea yamebaki nyuma ya meza ya kuazimia vitabu.

Kinachodaiwa hapa si kufukuzwa kwa vitabu vya wageni. Maktaba yenye mlango mmoja wa kuingilia na dirisha lililozibwa ni ghala. Wells, katika kitabu chake cha mwaka 1898, aliwaambia Waingereza wenzake waziwazi kwamba watu wa Mirihi wanaowaangamiza hawafanyi ila lile ambalo Wazungu waliwafanyia wenyeji wa Tasmania; msomaji wa Afrika asiyesoma maneno kama hayo amepoteza shahidi mkubwa. Ursula Le Guin, Mmarekani, alimpa shujaa wa riwaya yake ya mwaka 1968, mchawi kijana wa visiwani, ngozi nyeusi-nyekundu wakati ambapo mashujaa wa hadithi hizo walikuwa weupe karibu wote. Octavia Butler mwaka 1979 alimrudisha mwanamke Mweusi wa zama zake katika siku za utumwa, ili minyororo iache kuwa neno la kitabuni. Vitabu hivi ni wageni wenye adabu. Wakaribishwe. Lakini wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Dawa ni kuvikalisha vitabu pamoja. Msomaji aliyependa kisiwa kirukacho katika Safari za Gulliver, kitabu cha Jonathan Swift cha mwaka 1726, na apewe Kusadikika siku ile ile, aone jinsi waandishi wawili waliopishana kwa karne mbili na zaidi walivyoona kwamba serikali huonekana vizuri ikitazamwa angani. Aliyependa mizimu iliyomzindua bahili wa Charles Dickens usiku wa Krismasi na apewe Babu Alipofufuka. Aliyesoma riwaya ya Le Guin ya mwaka 1974 juu ya dunia mbili, moja ya mali na moja ya usawa, na apewe Walenisi, kisha aulizwe ni ipi kati ya nchi hizo angependa kuzaliwa. Aliyemaliza Alfu Lela u Lela na apewe Adili na Nduguze, na baada yake mkusanyo wa Steere, ili nunda atoke makumbusho arudi mwituni. Nagona isitolewe kwanza, kwa sababu mlima haupandwi kwa kuanzia kileleni. Itolewe kwa yule aliyekwisha kuuliza maswali ambayo vitabu vyepesi havikuyajibu.

Mkutubi atakayefanya hivyo hana budi kutimiza mambo mawili. La kwanza ni kuvisoma vitabu hivyo yeye mwenyewe, tena upya, bila kalamu nyekundu mkononi. Hapana pendekezo lenye nguvu kama la mtu aliyestaajabu. La pili ni kumwuliza msomaji kabla ya kumjibu: alipenda nini mara ya mwisho, na kwa nini. S. R. Ranganathan, mkutubi wa Uhindi, alipotoa sheria zake tano za kazi hii mwaka 1931, alidai kuwa maktaba ina deni pande mbili: humdai msomaji apatiwe kitabu kimfaacho, na hukidai kitabu kipatiwe msomaji wake. Wakutubi wengi hulikumbuka deni la kwanza. Vitabu vya ajabu vya Kiswahili vimekaa miaka mingi vikidai la pili.

Huenda mtu akasema kwamba mambo ya angani hata hivyo si ya Pwani. Mtu huyo hajui habari za nchi yake. Unguja, ambayo Verne aliijaza watu walioogopa puto, ilikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatia vyombo vya angani. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, sauti yake ilisikiwa kisiwani humo. Kituo kilifungwa mwaka 1964. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa miali ya eksirei itokayo nyotani, na kwa sababu siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Kenya, iliitwa Uhuru. Wageni wenyewe wametwaa maneno ya Kiswahili kwenda nayo juu: jina la Uhura lililosikika katika mchezo wa televisheni wa Marekani tangu mwaka 1966 limetoholewa katika neno hilo hilo, na Nnedi Okorafor alipoandika mwaka 2015 habari za msichana Mwafrika asafiriye baina ya nyota, alimwita Binti. Basi ni ajabu iliyoje, kubwa kuliko ya majini, kwamba lugha ambayo wengine huiazima waendapo nyotani ndiyo ambayo mkutubi wake mwenyewe huihesabu kuwa yatosha kwa methali na mtihani tu.

Maktaba kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1967, na wakati huo ilisemwa kuwa taifa jipya lahitaji raia wasomao. Hitaji hilo halijakwisha. Lakini raia hasomi ili ajue tu yaliyopita na yaliyopo. Husoma ili aweze kuwaza lisilokuwapo bado na kulidai. Wajumbe sita wa Kusadikika walifungwa kwa kosa hilo hilo, la kurudi na habari za dunia nyingine inayowezekana. Hadithi yao yasema kuwa mwishoni baraza lilisikia, na milango ya gereza ikafunguliwa.

Wajumbe wengine wangali wamefungwa. Wako rafuni, migongo yao imejaa vumbi, nambari zao zimefifia. Ufunguo haumo mikononi mwa mfalme wala waziri. Umo katika mkono wa mtu mmoja mpole akaaye nyuma ya meza, anayengojea kijana wa kesho aje amwulize asome nini.